Mgongo wa Askari na Mzigo Wake

Majeshi yetu yalipouteka mji wa Masaka, katika nchi jirani ya Uganda, mwezi Februari 1979, mbele yao zilibaki kilomita zipatazo 130 kufika Kampala. Sehemu kubwa ya njia ilikwenda kwa miguu, kila mpiganaji akichukua silaha, risasi na riziki yake. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili. Historia huhesabu miji iliyotekwa. Migongo iliyobeba ushindi huo haihesabu.

Hata leo askari anayesema kuwa mgongo unamuuma hukabiliwa na hukumu mbili, zote za makosa. Ya kwanza ni ya dhihaka: huyu anategea kazi. Ya pili ni ya huruma: alale kitandani mpaka apone. Huruma hiyo ilitawala hata hospitalini kwa miaka mingi. Lakini uchunguzi uliofanywa Helsinki, nchini Finland, na kutangazwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba wafanyakazi walioendelea na shughuli zao, kadiri maumivu yalivyowaruhusu, walipona upesi kuliko wale walioagizwa kulala siku mbili. Siku mbili tu!

Sababu yake si fumbo. Kwa wagonjwa wapatao tisa katika kila kumi, hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa mahususi unaoonekana. Misuli isiyotumika hudhoofika, naye mgonjwa huanza kuogopa hata kuinama. Kwa hiyo atembee, ajinyooshe, apewe kazi nyepesi, kisha arudishwe kwenye kwata hatua kwa hatua. Dawa ya maumivu aitumie kwa ushauri wa mganga, kwa muda mfupi. Ama mikanda ya kiuno, ambayo wengi huinunua kwa imani kubwa, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 halikuipendekeza kwa maumivu sugu.

Kinga huanza kwenye kufungasha. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, na mkanda wa shanta ubane nyonga ili mabega yasibebe peke yake. Sanduku la risasi liinuliwe likiwa karibu na kifua, magoti yakikunjwa. Anayegeuza kiwiliwili huku ameshika mzigo hujiumiza mwenyewe. Kuruti asitwishwe siku ya kwanza uzito wa askari mkongwe. Nao madereva wanaotikiswa kutwa nzima katika njia mbovu, mfano wa zile za mashariki ya Kongo, washuke na kunyoosha viungo kila wapatapo nafasi salama.

Hata hivyo, kamanda asimchukulie kila mgonjwa kuwa sawa. Maumivu ya usiku yasiyotulia, pamoja na homa na kukonda, yaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika pingili za uti wa mgongo. Na askari ambaye miguu yake inalegea, au anayepata ganzi kati ya mapaja, au anayeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, asisubiri gwaride la asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.