Umebadilisha Belti ya Taimingi na Sasa Injini Inalia? Usikubali Kuambiwa "Itazoea"

Umelipa doh ya belti, umelipa leba, umekaa kwa kigoda cha gereji masaa tano ukishushia soda. Fundi anafunga boneti, unawasha ndai, na hata kabla ufike barabarani unaskia kitu. Wiiiiii. Ama tik-tik-tik. Ama ile kelele ingine ni ka mse anasaga mawe ndani ya sufuria. Unarudi. Fundi anainamisha kichwa, anaskiza sekunde mbili, halafu anakupea jibu lenye kila mtu hupewa: "Hiyo ni mpya mkubwa, itazoea."

Buda, belti haizoeangi. Ka inapiga kelele leo na haikuwa inapiga jana, kuna kitu imeguswa, imelegea, imekazwa kupita kiasi ama imerudishwa ikiwa mbovu. Kazi yako ni kujua ni gani kabla hujarudi highway.

Tuongelee Subaru, juu hapo ndio hii stori huumiza wasee sana. Injini za EJ, zile ziko kwa Impreza, Legacy na Forester za zamani, zilianza kutoka 1989 na zinatumia belti yenye inafaa kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Nyingi zazo zimejengwa kwa njia ambayo belti ikikatika ama ikiruka meno, pistoni zinapanda zinakutana na valvu ziko wazi. Valvu zinapinda, hedi zinashuka, na bei yenye ulikuwa unalilia ya belti inaanza kukaa ka pesa ya chai. (Na ka uko na Vitz, Probox ama Fielder ya injini ya 1NZ, hauna belti ya taimingi. Hiyo ni cheni. Mse akikuambia ulipe belti hapo, mshukuru na uwashe gari.)

Sasa, usianze na kuogopa hedi. Anza na vitu za nje, juu ndio rahisi na mara nyingi ndio zinalia.

Ndio fundi afikie belti ya taimingi, lazima atoe belti ndogo za mbele, zile za alteneta, steringi na kompresa ya AC. Akirudisha anaweza kaza sana ama aache zikiwa legelege. Ukiwasha asubuhi na iteme mlio mkali, halafu mlio uzidi ukiwasha taa na AC ama ukikunja steringi hadi mwisho, hizo ndio unafaa kushuku kwanza. Kuna njia ya kuhakikisha. Mwambie fundi atoe hizo belti ndogo kabisa, awashe injini nusu dakika, azime. Kwa EJ pampu ya maji inazungushwa na belti ya taimingi, kwa hivyo huo muda mfupi hautachemsha kitu. Taa ya betri itawaka, hiyo ni kawaida, lakini usiendeshe. Ka kelele imeisha, uko na bahati, shida haiko ndani. Ni belti ndogo, puli yake, ama beringi ya alteneta.

Ka kelele bado iko, angalia kifuniko cha plastiki. Mafundi wengi wako na ka-tabia ka kubaki na bolti mbili tatu kwa mfuko halafu wanasema "hizo hazikuwa na kazi". Zilikuwa na kazi. Kifuniko kikikaa upande, belti inakigusa na unaskia tik-tik yenye inaenda haraka vile unakanyaga mafuta. Kikitolewa utaona alama yake: mstari umesuguliwa hadi unang'aa, na vumbi nyeusi ya mpira. Kwa Subaru za gia ya mkono kuna pia kipande kidogo cha chuma karibu na puli ya krenki, kazi yake ni kuzuia belti isiruke. Kinafaa kukaa mbali na belti karibu milimita moja. Kikikaribia zaidi kinakwaruza, na mse asiyekijua atakutafutia ugonjwa mwezi mzima.

Hapo umepita mambo ya bei rahisi. Sasa swali lenyewe: ulinunua belti peke yake, ama ulinunua seti mzima?

Juu belti haifanyi kazi solo. Inapita kwa puli kadhaa za kuiongoza, inapita kwa pampu ya maji, na inavutwa na tenshona. Hizo zote ziko na beringi ama oili ndani, na zote zimekimbia kilomita sawa na belti yenye umetupa. Ukisema "wacha niweke belti tu, hizo zingine bado ziko fiti," umefunga belti mpya kwa beringi zenye ziko karibu kustaafu. Ndio unaskia ule mngurumo wa kusaga, wa chini, wenye unapanda na injini. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwa chuma yenye haizunguki karibu na pampu, weka mpini kwa sikio, halafu usogee pole pole sehemu ingine. Kelele itakuwa kubwa zaidi mahali inatoka. Toa tai, funga nywele, na hizo mikono za hudi uzikunje vizuri, juu mbele ya injini hakuna msamaha. Mkifungua, kila puli izungushwe na mkono. Nzuri inazunguka kimya na uzito kidogo. Mbaya inakwaruza, inacheza, ama inazunguka bure muda mrefu ka gurudumu ya sketi, maana grisi imeisha.

Tenshona ndio huniuma zaidi, juu mara nyingi haikuwa mbovu. Iliharibiwa hapo gereji. Ya EJ nyingi ni ya oili: iko na ka-pistoni kenye kanasukuma belti ibaki imekazwa. Ndio irudishwe, inafaa ifinywe pole pole kwa vaisi ikiwa imesimama wima, dakika kadhaa, hadi ka-pini kaingie. Fundi mwenye haraka anaifinya sekunde kumi ikiwa imelala, ama anaigonga nyundo, na sili ya ndani inakufa. Dalili ni tok-tok-tok ukiwa umesimama tu, haswa injini ikiwa baridi, halafu inapungua ukikanyaga. Juu pia imeonekana na oili inatoka. Hiyo haitengenezwi, inabadilishwa. Na kuna makosa ya kuchekesha ka haingekuwa ya hatari: kusahau kutoa hiyo pini. Belti inabaki haina mwenye kuikaza hata kidogo. Muulize fundi akuonyeshe pini. Ka hana, na hakumbuki aliitupa wapi, usiwashe.

Ya mwisho si kelele sana, ni tabia. Ka gari inatetemeka ikisimama, haina nguvu ya kupanda mlima, inakunywa mafuta na taa ya injini imewaka, kuna uwezekano belti iko nje na jino moja ama mawili. Kwa EJ mtego uko wazi: kwa gia za kamshafti na ya krenki kuna mishale na kuna mistari midogo. Fundi wa Toyota anaona mshale anafuata mshale. Mshale ni wa kuonyesha pistoni iko juu kabisa. Belti inafungwa kwa kufuata mistari, na ya krenki iko kwa ka-jino ka nyuma ya gia, mahali mtu mvivu haangalii. Baada ya kufunga, krenki izungushwe na spana, kwa mkono, raundi mbili nzima, halafu mistari ya gia irudi pale pale. Spana ikigonga kitu kigumu katikati, simama. Usimalizie na stata.

Kuwa fair pia. EJ25 nyingi za umri hugonga kok-kok asubuhi, halafu zinanyamaza zikipata joto. Hizo ni pistoni zimechoka, na pengine zilikuwa zikigonga tangu ununue, ni vile muziki ulikuwa juu. Ndio maana, kabla upeleke gari gereji, fungua boneti urekodi injini na simu, ikiwa baridi na ikiwa moto. Hiyo video itamaliza ubishi haraka kuliko nyinyi wawili kupandishiana sauti.

Na kuna kelele zenye haungojei kesho. Angalia puli kubwa ya krenki ikizunguka. Ikiyumba, bolti yake haijakazwa, na kila dakika inakula chuma ya krenki yenyewe. Zima. Tok-tok yenye inazidi, zima. Sindano ya joto ikipanda baada ya kazi ya belti, zima, juu pampu ya maji iko kwa hiyo njia. Hapo hata ka home ni stage mbili, usijaribu. Itisha brekidauni, na ka Subaru yako inavuta magurudumu yote manne, sema mapema unataka lori la kubeba gari lote juu. Ile ya kuinua mbele na kuburuta nyuma itakuharibia difu ya katikati, na utarudi gereji na shida mbili.