Penzi la mlezi mmoja humwokoa mtoto

MTOTO aliyelelewa katika dhiki si lazima aharibikiwe ukubwani. Hayo yalibainishwa na mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake, waliowafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka wa 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii.

Takriban thuluthi moja yao walikumbwa na mseto wa umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi au maradhi ya akili nyumbani. Wengi wa hao walipata matatizo, lakini mmoja kati ya kila watatu alikua mtu mzima anayejiamini na kuwajali wenzake.

Walionusurika walikuwa na uhusiano wa karibu, tangu uchanga, na angalau mlezi mmoja aliyewapenda bila kuyumba, hata kama ni nyanya au shangazi.

Mzazi anapolemewa, basi, jamaa wasijitenge. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.