Kakao na Chembe Nyeupe za Damu

Kakao ikiuzwa kwa sifa isiyo yake, mnunuzi hudanganyika na mgonjwa huumia. Kwa hiyo yafaa viongozi wa vyama vya msingi, hasa vile vya Kyela na kwingineko vinavyokusanya zao hili, waelewe madai kwamba unga wa kakao huongeza chembe nyeupe za damu.

Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Kwa kawaida mtu mzima huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 katika mikrolita moja ya damu. Kundi lake kubwa, liitwalo nutrofili, hupambana na bakteria. Nutrofili zikipungua chini ya 1,500 huhesabiwa kuwa chache. Zikishuka chini ya 500, homa ndogo yaweza kuleta kifo. Upungufu huo huweza kusababishwa na virusi vya Ukimwi, homa ya matumbo, dawa za saratani, au ukosefu wa vitamini B12.

Hata hivyo, si kila hesabu ndogo ni ugonjwa. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy katika chembe nyekundu za damu. Ukosefu huo huwakinga dhidi ya malaria ya aina ya vivax, na huambatana na nutrofili chache tangu kuzaliwa, bila madhara. Tena hesabu hupanda na kushuka siku hadi siku. Mtu akinywa kakao leo, na kipimo kikapanda kesho, hilo halithibitishi kwamba kakao ndiyo iliyomsaidia.

Utafiti unasema nini? Mbegu ya kakao ina theobromini, kemikali ya ukoo mmoja na kafeini, iliyotambuliwa mwaka 1841. Watafiti wa Barcelona, Hispania, waliwalisha panya wazima chakula chenye kakao, na wengine chakula chenye theobromini peke yake. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kingamwili, ambazo hutengenezwa na chembe nyeupe, zilipungua katika makundi yote mawili. Panya si binadamu, lakini matokeo hayo hayaungi mkono madai ya wauzaji.

Kwa binadamu, uchunguzi mkubwa wa kakao ulifanywa Marekani kwa watu zaidi ya 21,000, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2022. Uchunguzi huo ulihusu hasa moyo na mishipa ya damu, wala haukuwa wa kutibu upungufu wa chembe nyeupe. Hata huko, jumla ya maradhi ya moyo haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika.

Basi kamati za vyama zizingatie mambo matatu. Kwanza, neno "dawa" lisiandikwe katika mifuko ya unga wa kakao wala kutamkwa mnadani. Pili, mwanachama aliyeambiwa kwamba chembe zake nyeupe ni chache arudi kwa daktari, asiache dawa alizopewa, na akipata homa aende hospitali siku hiyo hiyo. Tatu, bei ya kakao itafutwe katika uvundikaji mzuri na ukaushaji kamili. Sifa hizo mnunuzi aweza kuzipima mwenyewe, na hakuna atakayedhurika kwa kuziamini.