Hosi Ikikuumiza, Usikimbilie Kuwaka Mtandaoni: Faili Ndio Shahidi Wako wa Kwanza

Cheki hii story. Msee anaingia hosi Uingereza na vidole viwili vimekakamaa. Anapasuliwa, mkono unafungwa kwa ubao karibu wiki mbili. Muda huo wote analia uchungu lakini hakuna anayeufungua kuangalia. Siku ya kutoa ubao, vidole vyote vinne vimekakamaa na mkono hauna kazi tena.

Anaenda kortini. Kesi ya kwanza anapoteza! Jaji anasema hajathibitisha ni nani alikosea na wapi.

Hiyo ni kesi ya Cassidy. Mwaka wa 1951 korti ya rufaa iliipindua. Wazo lilikuwa simple: huyu jamaa alikuwa amelala, mkono umefungwa, atajuaje nani aliharibu? Aliingia na vidole viwili vibaya akatoka na vinne. Hosi ndio ieleze. Hosi ikakosa maelezo, msee akashinda. Mpaka leo mawakili wa Kenya huitaja hiyo kesi wakishtaki hospitali.

Lakini usidanganyike, wengi hawabahatiki hivyo. Watu hupoteza hizi kesi si kwa sababu hawakuumia, ila kwa sababu walifika kortini na uchungu bila karatasi.

Nani anafaa kuthibitisha?

Wewe. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, inasema anayedai ndiye alete ushahidi. Poa ni kwamba hii si kesi ya jinai, kwa hivyo si lazima uondoe kila shaka. Unahitaji tu kuonyesha kuwa story yako ina uwezekano mkubwa kuliko yao.

Na kuna vitu vitatu vya kuonyesha: hosi ilikuwa na jukumu la kukutunza, haikulitimiza, na hiyo ndiyo ilikuumiza. Hapo kwa tatu ndio watu huanguka. Wakili wa hosi atasimama aseme, "Mheshimiwa, huyu alikuja akiwa mgonjwa tayari." Sasa wewe utajibu nini?

Vita vya faili

Hapa ndipo noma huanza. Faili yako, yenye saa uliyofika, dawa ulizopewa, nani alikupima na saa ngapi, imeandikwa na kuwekwa na wale wale unaowashtaki. Ukurasa ukikosa, ama saa ikikaa kama imefutwa na kuandikwa upya, hiyo inakuwa kesi ndani ya kesi.

Lakini sheria haijakuacha pekee yako. Kifungu cha 112 kinasema kitu ambacho upande mmoja ndio unakijua, huo upande ndio ukithibitishe. Kwa hivyo hosi ikisema faili imepotea, wakili wako anaweza kuuliza imepotea aje, na kumwomba jaji aone kuwa kuna kitu kinafichwa. Pia Katiba, Kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari unayohitaji kulinda haki zako. Itisha nakala, na uitishe kwa maandishi.

Daktari dhidi ya daktari

Jaji hakusomea udaktari. Anategemea wataalamu, na wataalamu hubishana. Kwa kesi ya Bolam, London, 1957, mgonjwa alivunjika mifupa ya nyonga akitibiwa kwa umeme bila dawa ya kulegeza misuli. Madaktari wengine walisema hiyo dawa ilihitajika, wengine wakasema hapana. Hosi ikashinda, kwa sababu kulikuwa na kundi la madaktari wenye ujuzi ambao wangefanya vivyo hivyo.

Maana yake kwako: ukija bila daktari wa upande wako, yule wa hosi ndiye atakuwa sauti pekee. Na kumpata daktari wa kumsema mwenzake kortini si rahisi.

Na video je?

Kumbuka ile clip ya Agosti 2013, mama akijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma. Ilisambaa nchi nzima. Aliposhtaki, upande wa pili ulipinga madai yake. Video inaonyesha sakafu, sawa, lakini haielezi yote yaliyotokea kabla na baada. Mama mwenyewe alilazimika kusimulia matusi na makofi. Korti Kuu ilimwamini. Machi 2018 akapewa Ksh2.5 milioni na ikaamuliwa aombwe msamaha. Hiyo ilikuwa kesi ya haki za Katiba, si ya uzembe wa kawaida, na bado ilichukua zaidi ya miaka minne tangu tukio.

Ukiwa na clip yako, usiifute kwa simu iliyorekodi. Kifungu cha 106B kinataka cheti kinachoeleza ilirekodiwa na kifaa gani na vipi. Ile imezunguka WhatsApp mara mia, wakili wa hosi ataipiga vita.

Saa inahesabu

Hosi ya kibinafsi, una miaka 3 kushtaki kwa uzembe. Hosi ya serikali ni miezi 12 tu! Watu wengi hukaa wakingoja kuombwa pole, wakistuka mlango umefungwa.

Kwa hivyo ukiona mambo yameenda mrama, fanya hivi:

- Weka kila risiti, picha ya X-ray na karatasi ya kutoka hosi.
- Andika tarehe, saa na majina ungali unakumbuka.
- Pimwa na daktari wa hosi nyingine mapema, kidonda kikiwa bado kinaongea.
- Peleka malalamiko kwa baraza la madaktari, KMPDC. Halitakulipa fidia kama korti, lakini linaweza kumwadhibu daktari, na uamuzi wake unaweza kukusaidia kortini.
- Ona wakili kabla ya kupost.

Madaktari wengi wanajituma vibaya sana na si kila tiba ikikataa ni makosa ya mtu. Lakini kama ni makosa, kumbuka jaji hakuwa kwa hiyo wodi. Ataona tu kile utakachomletea. Kama mathe wako amelazwa mahali sai, hiyo karatasi anapewa akitoka usiifungie mandazi.