Je, Wajua? Vali ya Moyo Mbele ya Sumaku
Je, wajua ya kwamba mtu aliyetiwa vali bandia moyoni, tangu zile za tufe ndani ya kizimba zilizotengenezwa na Albert Starr na Lowell Edwards huko Oregon, Marekani, mwaka 1960, hadi hizi za leo za kaboni na titani, aghalabu aweza kupigwa picha ya MRI kwa salama? Sababu yake ni kwamba sumaku ya mashine ya MRI huzivuta vali hizo kwa nguvu hafifu mno, isiyofikia ile ambayo damu huisukumia vali kila moyo udundapo. Hata hivyo, ewe msomaji mwenye vali, usiingie chumba cha MRI kabla ya kumwonyesha tabibu kadi ya vali yako, na kumjulisha kama unacho pia kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kwani hicho kina hukumu yake mbali.