Ukifungwa Fainali, Usitundike Daluga!

Jamani, mdogo wangu kanitia huruma. Timu yake ya mtaa imefungwa fainali, anataka kutundika daluga! Nikamkalisha barazani, nikampa stori ya Kombe la FA la Vijana la Uingereza, msimu wa 1992/93.

Mabingwa watetezi Manchester United walikuwa na kina David Beckham, Paul Scholes na Gary Neville. Fainali wakakutana na Leeds United. Wee! Wakachapwa 2-0 kwao Old Trafford, kisha 2-1 kule Elland Road.

Hao hao waliofungwa, mwaka 1999 wakabeba ubingwa wa ligi, Kombe la FA na la Ulaya.

Dogo akafuta machozi, akaniomba hela akashonee daluga. Nikampa. Wewe je, msomaji, ulishatundika?