Viti, Saa na Mwendo wa Miguu: Upangaji wa Huduma za Kujidunga Dawa za Kulevya chini ya Uangalizi kwa Mfano wa Vancouver

Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna huduma za kujidunga dawa za kulevya chini ya uangalizi zinavyopangwa kama sehemu ya afya ya jamii mijini. Mjadala kuhusu huduma hizi kwa kawaida huanzia kwenye swali la maadili: je, inafaa mamlaka za umma zimpe mraibu mahali pa kujidunga? Swali hilo lina uzito wake. Hata hivyo, mara nyingi hulifunika swali jingine ambalo kwa mtu anayejidunga uchochoroni ndilo la uhai na kifo: huduma iwe na viti vingapi, iwe wazi kwa saa ngapi, na iwe umbali gani kutoka pale alipo? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba huduma iliyokubaliwa kimaadili lakini ikawekewa kipimo kidogo huishia kuhukumiwa kwa matokeo ambayo haikupewa uwezo wa kuyaleta. Mfano mkuu ni kituo cha Insite katika jiji la Vancouver, Kanada, kwa kuwa ndicho kilichochunguzwa kwa muda mrefu na watafiti na mahakama pia.

Maana ya huduma

Kituo cha kwanza cha aina hii kilichoidhinishwa kilifunguliwa Bern, Uswisi, mwaka 1986. Frankfurt ilifuata mwaka 1994, Sydney mwaka 2001, na Vancouver mwezi Septemba 2003. Utaratibu wa msingi haukutofautiana sana. Mtu huja na dawa yake mwenyewe. Kituo hakiuzi wala hakigawi dawa. Hupewa bomba la sindano jipya, maji safi na pamba, kisha huketi mahali ambapo muuguzi anamwona. Muuguzi anaweza kumwelekeza namna ya kuepuka kuharibu mshipa, lakini hamdungi. Baada ya hapo mtu hukaa katika chumba cha mapumziko kwa muda, kwa sababu kuzidiwa na dawa hutokea dakika chache baada ya kujidunga. Akizidiwa, hupewa oksijeni, na ikibidi naloksoni, dawa inayozuia athari ya heroini na dawa za jamii yake.

Dhana inayobeba utaratibu huu ni upunguzaji wa madhara: kushughulikia kwanza kifo, maambukizi ya VVU na homa ya ini ya C, na usaha wa vidonda, bila kumtaka mtu aache dawa kabla hajahudumiwa. Matibabu ya uraibu hayaachwi nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watu waliotumia Insite angalau mara moja kwa wiki waliingia haraka zaidi katika huduma za kuondoa sumu ya dawa mwilini. Hoja ya kwamba kituo humfungia mtu katika uraibu haikupata nguvu katika takwimu hizo.

Hesabu ya viti na saa

Insite ilifunguliwa katika mtaa wa East Hastings, eneo la Downtown Eastside, ikiwa na viti 12, na ilihudumu kwa saa 18 kwa siku, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 alfajiri. Msomaji afanye hesabu. Viti 12 kwa saa 18 ni saa-viti 216. Tukichukulia kwamba kila mtu hutumia dakika 25, pamoja na kusafisha kiti kwa ajili ya anayefuata, uwezo wa juu kabisa ni takribani mara 518 za kujidunga kwa siku, na hapo hakuna kiti hata kimoja kilichokaa wazi.

Kwa upande wa mahitaji, Downtown Eastside ilikadiriwa kuwa na watu wapatao 5,000 wanaojidunga. Tukimkadiria kila mmoja kwa chini, yaani mara mbili tu kwa siku, tunapata mara 10,000. Kwa hiyo kituo kilichojaa bila nafasi hata moja kingefikia karibu asilimia 5 ya matukio ya kujidunga katika eneo hilo. Hesabu hii ingeweza kufanywa kwenye kipande cha karatasi kabla ya mlango kufunguliwa. Mwaka 2008, kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali kuu ya Kanada ilibaini kwamba kujidunga ndani ya Insite kulikuwa chini ya asilimia 5 ya kujidunga kote katika eneo hilo, na kwamba jambo hilo lilipunguza uwezekano wa kuona athari kubwa ya moja kwa moja kwa maambukizi ya magonjwa. Wapinzani waliisoma taarifa hiyo kama ushahidi kwamba huduma haina maana. Kwa maoni ya mwandishi, usomaji huo unachanganya mambo mawili: dawa isiyofanya kazi, na dawa inayofanya kazi lakini imetolewa kijiko kimoja kwa mji mzima.

Hapa pana funzo la kimbinu kwa mtafiti. Kiashiria cha tathmini lazima kiendane na uwezo uliopangwa. Kituo chenye viti 12 kinaweza kupimwa kwa vifo vya jirani, kwa mabomba yaliyotupwa mitaani, na kwa idadi ya watu wanaopelekwa kwenye matibabu. Kukipima kwa kiwango cha VVU cha jiji zima ni kukipangia kushindwa.

Umbali

Kipimo cha vifo vya jirani ndicho kilichotumiwa katika utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2011. Watafiti walilinganisha vifo vya kuzidiwa na dawa kabla na baada ya Insite kufunguliwa, wakigawa jiji katika sehemu mbili: eneo lililo ndani ya mita 500 kutoka kituoni, na sehemu nyingine zote. Ndani ya mita 500, kiwango cha vifo kilishuka kutoka 253.8 hadi 165.1 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, yaani upungufu wa asilimia 35. Kwingineko jijini upungufu ulikuwa asilimia 9.3. Utafiti wa aina hii hulinganisha maeneo na haumfuatilii mtu mmoja mmoja, kwa hiyo hauwezi peke yake kuondoa kila sababu nyingine. Lakini tofauti hiyo inaendana na mantiki ya mwili: mtu mwenye arosto hatembei kilomita mbili, wala hapandi basi na dawa mfukoni huku akiogopa kukamatwa. Hujidunga alipo.

Mpangaji akilikubali jambo hili, ramani yake hubadilika. Badala ya kutafuta kiwanja kikubwa pembezoni mwa jiji, mahali ambapo hakuna jirani wa kulalamika, atatafuta vyumba vidogo vingi ndani ya maeneo ambayo dawa tayari zinatumiwa. Malalamiko ya majirani hayapuuzwi; yana msingi, hasa panapokuwa na watoto. Kituo cha North Richmond, Melbourne, kilichofunguliwa mwaka 2018, kiko karibu kabisa na shule ya msingi, na ukaribu huo umekuwa kiini cha ugomvi tangu mwanzo. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2024 ilipiga marufuku vituo vilivyo ndani ya mita 200 kutoka shule na vituo vya kulelea watoto, na vilivyoangukia katika mpaka huo vilitakiwa kufunga ifikapo mwisho wa Machi 2025. Katikati ya jiji, ambako shule, vituo vya watoto na watumiaji wa dawa wamebanana, kanuni ya namna hiyo haihamishi huduma, huiondoa. Ifahamike pia kwamba utafiti wa Vancouver uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kujidunga hadharani na mabomba yaliyotupwa vimepungua baada ya kituo kufunguliwa. Jirani anayeogopa mabomba mlangoni pake anastahili kuelezwa hivyo.

Kibali

Hakuna kiti kinachoweza kuwekwa bila msingi wa kisheria, kwa kuwa kumiliki dawa ni kosa. Insite ilitegemea msamaha wa muda uliotolewa chini ya kifungu cha 56 cha sheria ya Kanada ya udhibiti wa dawa. Serikali iliyofuata haikutaka kuuendeleza. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 30 Septemba 2011 majaji wote tisa walimwamuru waziri atoe msamaha huo, wakisema kuukataa kulikiuka haki ya uhai, uhuru na usalama wa mtu. Mahakama ilizingatia kwamba hakuna aliyekufa kwa kuzidiwa na dawa ndani ya kituo.

Ushindi huo ulikuwa na upande wa pili. Mahakama ilitaja mambo ambayo waziri angeyapima katika maombi yajayo, yakiwemo uhalifu, mahitaji ya eneo na maoni ya jamii. Mwaka 2015 Bunge liliyageuza kuwa masharti 26 ambayo mwombaji alipaswa kuyatimiza, na ni mwaka 2017 tu yalipopunguzwa. Katikati ya kipindi hicho fentanili iliingia sokoni na vifo vikapanda. Mwezi Desemba 2016 waziri wa afya wa British Columbia alitumia amri ya dharura kuruhusu vituo vya kuzuia vifo vya kuzidiwa na dawa, vingine vikiendeshwa na watumiaji wenyewe waliopewa mafunzo, katika vyumba vya kawaida kabisa. Kilichoshindikana kwa miaka kadhaa ya maombi kilifanyika kwa siku chache. Sydney ilichukua njia ya sheria mahususi ya jimbo. Glasgow ilifungua kituo Januari 2025 baada ya mwendesha mashtaka mkuu wa Scotland kueleza kwamba kuwashtaki watumiaji kwa kumiliki dawa ndani yake hakungekuwa na maslahi kwa umma. Kila njia huzaa mpango wa aina yake. Msamaha unaoisha kila baada ya miaka michache haumruhusu mtu kusaini pango la muda mrefu wala kuajiri muuguzi kwa mkataba wa kudumu.

Suala la Afrika Mashariki

Tanzania na Kenya hazina kituo kilichoidhinishwa cha aina hii, lakini zina uzoefu unaohusika. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Mathari, Nairobi, mwezi Desemba 2014. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mtoa huduma. Hivyo nauli na mwendo kutoka Temeke au Kinondoni ni swali lile lile la mita 500 katika sura nyingine. Aidha, heroini katika miji ya pwani haidungwi tu. Huvutwa pia ikiwa imechanganywa na bangi au tumbaku katika kile kinachoitwa kokteli. British Columbia nayo imeona uvutaji ukiupita udungaji miongoni mwa waliokufa, na vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya sindano havina mfumo wa kutoa moshi. Mtafiti atakayetaka kukadiria hitaji la Dar es Salaam atalazimika kuanza na mambo ambayo hayamo katika takwimu za hospitali: maskani ziko wapi, hujaa saa ngapi, wangapi hudunga na wangapi huvuta, na polisi hupita lini.